Nyumba ya Mjerumani Tuliyoachiwa na Babu

Wasomaji watatu wametuandikia kuhusu nyumba za mashambani zilizojengwa na walowezi wa Kijerumani. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu jibu lake linawahusu wengi walio na nyumba za namna hiyo, iwe Usambara, Kilimanjaro, Karatu au Iringa. Anayejibu ni fundi wetu wa majengo ya kale.

SWALI

Mhariri, naomba kusaidiwa. Babu yetu, ambaye sasa ni marehemu, alinunua nyumba ya shamba huku Soni, wilayani Lushoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka kwa mlowezi Mgiriki aliyekuwa akiondoka nchini. Wazee wanasema aliyeijenga ni Mjerumani, kabla ya vita ya kwanza. Kuta zake ni za mawe na ni nene sana, ina baraza pande mbili, dohani moja, na paa la bati lenye kutu. Miaka miwili iliyopita tulimwita fundi akapiga lipu ya saruji kwenye ukuta wa nyuma uliokuwa na unyevu. Sasa lipu hiyo inabanduka mapande kwa mapande, na unyevu umepanda hadi usawa wa dirisha. Baba mdogo anataka tuibomoe, tuuze mbao na bati, tujenge nyumba ya kisasa. Mimi na dada zangu tunataka ibaki. Je, inaokoleka? Na je, serikali haina sheria ya kuilinda?
Mjukuu, Soni

JIBU

Ndugu Mjukuu, nyumba yenu inaokoleka. Ukuta wa mawe uliovumilia masika ya Usambara kwa karibu karne nzima hauangushwi na unyevu wa miaka miwili, ila utazidi kuharibika mkiendelea kuupa dawa ileile iliyouletea ugonjwa.

Kosa la fundi wenu ni kosa la mafundi wengi wa siku hizi, nami simlaumu sana, kwa kuwa alikojifunzia kazi huenda hakuonyeshwa kitu kingine isipokuwa saruji. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa mawe yaliyounganishwa kwa udongo au kwa chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Chini ya kuta zake kwa kawaida hamna utando wa kuzuia maji kama tunaouweka leo. Ukuta hunywa maji kidogo kutoka ardhini kila msimu wa mvua, kisha huyatoa nje kwa njia ya mvuke, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoupitisha mvuke huo. Saruji ni ngumu na haiupitishi kwa urahisi. Mlipoufunika ukuta kwa saruji, maji yaliyozoea kutokea karibu na ardhi yalikosa njia, yakapanda kutafuta mahali palipo wazi, na ndiyo sababu leo mnayaona dirishani. Maji hayo hubeba chumvi za udongo. Yakikauka nyuma ya lipu, chumvi huganda, huvimba, na kuisukuma lipu itoke pamoja na uso wa jiwe. Okota pande moja lililoanguka uligeuze: ukiona unga mweupe mgongoni mwake, hiyo ndiyo chumvi ninayoisema.

Hata hivyo, msianze na lipu. Anzeni na udongo. Nyumba za milimani husimama kwenye mteremko, na kwa miaka yote hiyo udongo umeporomoka kutoka juu, majivu ya jikoni yamemwagwa, maua yamepandwa na kumwagiliwa, mpaka ardhi ya upande wa nyuma imeinuka kuliko sakafu ya ndani. Nina hakika ndivyo ilivyo kwenu, kwa sababu unyevu wenu uko nyuma tu. Ondoeni udongo huo mpaka ardhi ishuke angalau sentimita 20 chini ya usawa wa sakafu, kisha chimbeni mfereji wenye mwinamo wa kupeleka maji mbali na nyumba. Msichimbe kufikia kitako cha msingi, wala msifungue urefu wote wa ukuta kwa siku moja. Nendeni kwa vipande vya mita mbili mbili. Kama kuna mkaratusi au mgravilea uliootea ukutani, ukateni na kuacha kisiki kioze chenyewe, kwani kuking'oa kwa nguvu huweza kuung'oa msingi pia. Kazi hii haihitaji fundi wala mfuko hata mmoja wa saruji, na ikifanywa kabla ya vuli mtaiona faida yake mwaka huohuo.

Kisha subirini. Ukuta mnene hukauka polepole mno, na kipimo wanachokitumia watu wa kazi hii ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, maana yake ukuta wa nusu mita unaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Katika kipindi hicho bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mahali ilipong'ang'ania, iacheni kwanza, kwa sababu ikilazimishwa hutoka na uso wa jiwe.

Lipu mpya iwe ya chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga mkali, uliochekechwa, usio na udongo na usiotoka baharini. Chokaa ya mifuko ilowekwe ndani ya pipa lililofunikwa na iachwe humo wiki kadhaa, kwani kadiri inavyokaa majini ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Pigeni matabaka membamba, kila moja lisizidi sentimita moja na nusu, juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji, kisha lifunikeni kwa magunia mabichi siku za mwanzo ili lisikauke kwa ghafla. Chokaa haigandi upesi kama saruji. Hukomaa kwa kunyonya hewa, na hilo huchukua majuma mengi. Fundi atakayewaambia aongeze saruji kidogo tu ili ishike, mkatalieni kwa heshima, na akishikilia, mtafuteni mwingine. Wala msidhani kwamba ujuzi huu ni wa Ulaya. Watu wa pwani yetu walichoma matumbawe na kujenga kwa chokaa, kuanzia Kilwa hadi Pangani na Unguja, karne nyingi kabla ya Mjerumani yeyote kupanda Usambara, na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar bado mnaweza kuwapata mafundi wanaoifahamu.

Kwenye paa, ushauri wangu ni kupanda darini mvua inaponyesha, mkiwa na tochi. Mvua ya dakika ishirini itawaonyesha mengi kuliko ukaguzi wa siku nzima wakati wa kiangazi. Tieni alama ya chaki kila mahali panapovuja, halafu chomeni makenchi na papi kwa bisibisi, hasa ncha zake zilizolala juu ya ukuta, kwa sababu hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana. Ikiingia kwa urahisi, mbao hiyo imekwisha. Ikikataa, iacheni hata kama sura yake inatisha. Mbao nyingi za nyumba za Usambara zilitoka misitu ya jirani, zikiwamo za mkulo na za mti wa jamii ya mierezi uliovunwa Shume na kuteremshwa kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli, na mbao za namna hiyo zikiwa kavu mchwa huzikwepa. Msing'oe kenchi zima kwa sababu ncha imeoza. Kateni ncha tu, mwunge kipande kipya.

Bati likibidi kubadilishwa, nunueni la migongo midogo kama lililopo, geji 28 badala ya geji 30 iliyo nyembamba zaidi, na tafadhali msiweke bati za msauzi zenye rangi ya samawati juu ya nyumba hiyo. Hilo la rangi si suala la uhandisi, ni langu binafsi, lakini nimeona nyumba nyingi zilizovalishwa kofia isiyo yao. Kilicho muhimu zaidi ni michirizi: paa la zamani lisilo na mchirizi humwaga maji yote kwenye mguu wa ukuta, nanyi mtakuwa mmechimba mfereji bure.

Jambo moja la usalama. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Msipige msasa milango na madirisha yakiwa makavu. Lowesheni kwanza, watoto wakae mbali, na takataka zake zisitupwe bustanini. Kama kuna dari au kibanda cha nyuma kilichoongezwa baadaye kwa mabamba ya kijivu yanayofanana na saruji, yaacheni bila kuyavunja mpaka mjue kama yana asbestosi.

Sasa kuhusu umri wa nyumba. Wazee wenu wanaweza kuwa wamesema kweli, lakini neno "Mjerumani" peke yake halitoshi, kwa sababu Wajerumani walikuja mara mbili. Wa kwanza walifuata reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka mwaka 1916, mashamba yao yalihesabiwa kuwa mali ya adui, na baada ya vita yakauzwa kwa Waingereza, Wahindi, Wagiriki na wengineo. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, wakanunua mashamba mapya, hadi vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 na wakapoteza tena. Kwa hiyo nyumba yenu inaweza kuwa ya 1908 au ya 1930, na Mgiriki aliyemuuzia babu anaweza kuwa mmiliki wa tatu au wa nne. Kwangueni kiunganishi kilicho katikati ya mawe kwa msumari, mahali ambapo hapajakarabatiwa. Kikimomonyoka kama sukari, ni chokaa au udongo. Kikikataa msumari, ni saruji, na uwezekano wa kuwa ya kipindi cha pili unaongezeka, ingawa kipimo hicho peke yake si ushahidi kamili. Majalada ya ardhi ya utawala wa Kijerumani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Yameandikwa kwa Kijerumani, na mengine kwa mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa leo, basi nendeni na jina la shamba, si la mtu tu.

Umeuliza kuhusu sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba yenu ni changa mno kwa kipimo hicho, kama ilivyo kila nyumba ya Mjerumani nchini. Ili ilindwe, lazima waziri mwenye dhamana aitangaze katika Gazeti la Serikali. Mnaweza kuiandikia idara inayohusika na malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii, mkiambatanisha picha, mchoro na historia mliyoikusanya. Kabla ya kutuma barua hiyo, kaeni kama ukoo mfikirie, kwa sababu jengo likishatangazwa hamtaweza kubomoa wala kubadilisha chochote bila kibali, na kutangazwa hakuleti fedha za ukarabati. Mimi ningeanza na mchoro. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi hupima majengo ya kale kama sehemu ya masomo yao, na kuandikia chuo kuomba hilo hakugharimu zaidi ya stempu.

Limebaki suala la baba mdogo, nalo ni gumu kuliko ukuta. Hoja yake si ya kudharauliwa: nyumba ni ya ukoo, inavuja, na yeye anataka mahali pa kulala. Mpeni hesabu badala ya hotuba. Bati lenye kutu na mbao kuukuu haziuzwi kwa bei anayoitarajia, ilhali kuta nene kama hizo leo hakuna kati yenu anayeweza kuzijenga. Nyumba mpya inaweza kujengwa pembeni, kwa umbali ambao maji ya paa lake hayatafika kwenye ile ya zamani. Na kama ukoo unataka kipato, mfano upo: huko Karatu, nyumba ya shamba la kahawa lililoanzishwa na walowezi wa Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, inayojulikana leo kama Gibb's Farm, ilianza kupokea wageni mwaka 1972 na inaendelea. Karibu nanyi zaidi, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri inaendesha shamba la Irente, ambako wageni hulala na kununua jibini na jemu. Sisemi nanyi mtafanikiwa hivyo. Barabara, maji na uvumilivu wa kuhudumia wageni vinatakiwa kwanza. Mkifikia hapo, vyoo na bafu vijengwe kwenye kibanda cha nje. Msipitishe mabomba ndani ya kuta za mawe, kwani bomba likipasuka humo hamtajua mpaka ukuta ulainike.

SWALI

Kijijini kwetu kuna nyumba ya shamba ya Mjerumani isiyokaliwa na mtu. Kila baada ya miezi michache wanakuja vijana na mtaalamu wao, wanachimba usiku chini ya ngazi na pembeni mwa kuta wakisema kuna hazina na alama. Kona moja sasa imepasuka. Tufanyeje?
Mwenyekiti wa kitongoji, Mkoa wa Tanga

JIBU

Mheshimiwa Mwenyekiti, kona imepasuka kwa sababu msingi umenyang'anywa udongo ulioubeba. Jazeni mashimo hayo haraka, kabla ya mvua, kwa udongo uleule uliotolewa pamoja na mawe, mkiushindilia kwa tabaka za sentimita 15 kila moja. Msimwage zege shimoni, kwa sababu kona moja ikikaa juu ya zege na nyingine juu ya udongo, nyumba itashuka bila usawa na ufa utaongezeka. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha za ufa na tarehe pembeni. Ufa ukivuka alama baada ya masika moja, hapo ndipo mhandisi atahitajika.

Kuhusu hazina, waelezeni vijana mambo yalivyokuwa. Mlowezi wa Usambara alikuwa mkulima, na wengi wao walikuwa na madeni. Sarafu ya dhahabu yenye tembo inayosimuliwa sana, ile ya rupia 15, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, mbali na milima yenu, na mwaka huohuo Waingereza walikuwa tayari wamefika Usambara. Alama zilizochongwa kwenye mawe ya pembeni mwa shamba kwa kawaida ni za wapima ardhi, nazo huonyesha mpaka. Anayeng'oa jiwe la mpaka hujipatia kesi tu. Serikali ya kijiji itunge sheria ndogo ya kuzuia uchimbaji, na nyumba ipewe mtu wa kukaa, hata kama ni mlinzi mwenye chumba kimoja. Nyumba yenye moshi jikoni haichimbwi.

SWALI

Ninasoma makala zenu za kuhifadhi nyumba hizi nikiwa na hasira. Babu wa baba yangu alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwenye shamba la mlowezi mmoja kwa kuchelewa kazini. Kwa nini nitoe hata shilingi moja kuitunza nyumba ya mtu yule?
Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu yangu, hasira yako ina haki yake, wala sitakuomba umheshimu aliyeamuru viboko hivyo. Kwenye Usambara ya Wajerumani kulikuwa na mfumo wa kipande, yaani kadi ya kazi, ambao ulimlazimu mwanamume mzima kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Ikiwa nyumba unayoisema ni ya wakati huo, basi inawezekana kabisa kwamba mawe yake yalibebwa na watu wenye vipande mfukoni, na kwamba babu wa baba yako alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Hati za shamba zilikuwa na jina la mlowezi. Picha zilizobaki Ulaya zinamwonyesha yeye barazani, ameketi kwenye kiti. Huyo ana kumbukumbu za kumtosha, hata nyumba ikibomolewa. Wabebaji mawe, wachoma chokaa, maseremala na waashi, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, hawana karatasi yoyote yenye majina yao zaidi ya ukuta wenyewe. Tukiubomoa, tunabaki na hati zake tu.

Tazama pia jinsi watu wa wakati ule walivyohifadhi maoni yao. Tom von Prince, afisa aliyepigana na Mkwawa, kisha akawa mlowezi Usambara na kuuawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914, aliitwa Bwana Sakarani. Sakarani ni mlevi. Wamisionari Wabenediktini wanaomiliki shamba la Sakharani karibu na Soni wanauza divai yao hadi leo chini ya jina hilo, na sidhani kama kila mgeni anayeonja anajua lilivyoanza.

Kwa hiyo shilingi yako usiitoe kwa ajili ya Mjerumani. Kama nyumba hiyo bado ipo, nenda na simu yenye kinasa sauti kwa mzee yeyote aliyewahi kusimuliwa habari za shamba lile, mwulize majina: nani alikuwa mnyapara, nani alichapwa, nani alipasua mawe na yalitoka korongo gani. Mwombe akuonyeshe pia makaburi ya wafanyakazi, ambayo mara nyingi yako nje ya ua wa mlowezi na yamefunikwa na magugu. Ukishayapata majina hayo, peleka nakala kwa watu wa makumbusho ya Urithi katika Boma la kale la Tanga, na mwandikie anayeimiliki nyumba umtake aweke ubao mlangoni wenye majina hayo, la babu wa baba yako likiwa la kwanza.